Kimya cha mwanafunzi wa Gotu si ushahidi wa malazi bora vyuoni

WAHENGA walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo hutumiwa kuwaonya wanaohukumu mambo ya wenzao kwa mbali, lakini katika mjadala wa malazi ya wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Kenya ina upande wa pili usiotajwa mara nyingi. Wawili wanaweza kulala katika chumba kimoja, kwenye kitanda kimoja cha deka, mmoja juu na mwingine chini, na bado mmoja akawaona kunguni na mwenziye asiwaone. Tofauti haiko machoni pao. Iko katika kitanda ambacho kila mmoja alikilalia kabla ya kufika hapo.

Gotu ni makazi madogo katika Kaunti ya Isiolo, karibu na maporomoko ya Mto Ewaso Nyiro, upande wa kuelekea Merti. Wakazi wa eneo hilo wengi ni Waborana na Waturkana wanaotegemea mifugo, na jina lake hujulikana zaidi kupitia hifadhi ya jamii ya Nakuprat-Gotu inayoziunganisha jamii hizo mbili. Kaunti nzima ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 25,000, ilhali sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 268,002 pekee. Ni nchi ya upana, ya jua kali na ya safari ndefu.

Kijana anayetoka mahali kama Gotu akafaulu mtihani wa KCSE kwa gredi ya C+ au zaidi huwa amevuka vizingiti ambavyo wengi wa rika lake walikwama. Shirika la kuteua wanafunzi wa vyuo, KUCCPS, linaweza kumpeleka Meru, Njoro, Kakamega, Kilifi au Nairobi. Huko, akibahatika kupata nafasi ndani ya chuo, hukuta chumba chenye watu 2, 3 au 4, bafu la pamoja, taa, meza na bomba. Mwenzake aliyelelewa katika mtaa wa watu wenye uwezo jijini hukuta chumba kile kile. Wiki moja baadaye mmoja ameandika malalamishi, mwingine yuko kimya.

Hatari inaanzia hapo. Wasimamizi wengi hukisoma kimya hicho kama ridhaa. Ukweli ni kwamba mwanafunzi anapoulizwa kama ameridhika na malazi, jibu lake hupima kwanza mahali alikotoka, kisha ndipo lipime mahali anapolala. Chuo kinachopanga mambo yake kwa kutegemea jibu hilo pekee kitaishia kuwatumikia wenye sauti, na kuwasahau wasio na pengine pa kwenda.

Pengo kati ya nyumbani na chuoni

Wataalamu wa masuala ya makazi wamekubaliana kwa miongo kadhaa kwamba kuridhika na nyumba hutokana na pengo kati ya kile mtu anachokipata na kile anachokiona kuwa stahili yake. Kuta na paa ni sehemu tu ya jambo hilo. Pengo likiwa dogo, mtu hutulia, hata kama paa linavuja. Likiwa kubwa, hunung'unika hata akiwa mahali pazuri.

Mwanauchumi Amartya Sen, mzaliwa wa India aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1998, aliipeleka hoja hiyo mbali zaidi. Alionya kwamba mtu aliyeishi katika dhiki kwa muda mrefu hujifunza kutamani kidogo, na hivyo basi furaha yake haiwezi kuwa kipimo cha haki anayotendewa. Maskini anayeshukuru kwa makombo hajathibitisha kwamba makombo yanatosha.

Hoja hiyo ina uzito wa pekee nchini Kenya. Tangu mikataba ya utendakazi ilipoanza kutumika katika mashirika ya umma mwaka wa 2004, na baadaye kufika vyuoni, taasisi za umma zimekuwa zikipima kuridhika kwa wateja wao. Mwanafunzi hupewa hojaji, hutia alama, na matokeo hugeuzwa kuwa asilimia katika ripoti. Asilimia hiyo haisemi ni nani aliyeridhika na kwa nini. Haisemi kama aliyetia alama ya "nimeridhika" alifanya hivyo kwa sababu maji hayakatiki, au kwa sababu kwao maji huchotwa mtoni.

Mtoto wa bweni na mtoto wa kutwa

Kuna jambo moja ambalo wageni wa maeneo ya kaskazini hawalifahamu. Mtoto wa mfugaji mara nyingi huwa amekaa bwenini miaka mingi kabla ya kukanyaga chuo kikuu. Tangu mapema katika miaka ya 1970 serikali ilianzisha shule za msingi za bweni za gharama nafuu katika maeneo kame, kwa sababu jamii zinazohama na mifugo zisingeweza kusomesha watoto katika shule za kutwa. Mtoto wa darasa la nne alizoea mlio wa kengele, sanduku la bati, foleni ya uji na godoro jembamba. Shule ya upili ikafuata mkondo huo huo.

Kijana huyo anapofika chuoni, chumba cha watu wanne ni hatua ya mbele. Bwenini walikuwa makumi. Taa iliyokuwa ikizimwa kwa amri ya mwalimu wa zamu sasa iko mikononi mwake. Ana meza na ana ufunguo. Haya si mambo madogo, na furaha yake ni ya kweli.

Mwenzake aliyesoma shule ya kutwa mjini, akilala katika chumba chake mwenyewe, huliona jambo hilo kwa macho tofauti. Kwake, kuoga huku akisubiriwa na foleni ni kupungukiwa. Kulala na watu watatu asiowajua ni kunyang'anywa faragha. Naye hakosei. Malalamishi yake kuhusu vyoo vichafu, maji yanayokatika na kelele za usiku ni ya haki, na mara nyingi ndiyo yanayowafanya wasimamizi waamke. Kumwita mtoto wa kudekezwa ni kukwepa swali alilouliza.

Lakini mwanafunzi wa Gotu naye ana mateso yake, ila hayamo katika hojaji. Baridi ya Njoro, kwa mtu aliyezoea joto la Isiolo na mwenye blanketi moja, ni tatizo la malazi. Jikoni kufungwa mapema wakati wa Ramadhani, hali wengine hawaruhusiwi kupika vyumbani, ni tatizo la malazi. Upweke pia ni tatizo la malazi. Nyumba ya mfugaji haina vyumba vingi, lakini humo mtu hakosi sauti ya mwenzake usiku. Wapo vijana wa vijijini wanaoona dhiki zaidi katika chumba cha peke yao kuliko katika chumba kilichojaa watu.

Kuna pia mwanafunzi wa tatu, ambaye huharibu hesabu za haraka. Huyu ametoka Mathare au Kibera, mwendo mfupi wa matatu kutoka vyuo vya Nairobi, na kwao watu sita wanashiriki chumba kimoja cha mabati. Kwa kipimo cha umbali, yeye hahitaji kitanda. Kwa kipimo cha maisha, huenda kitanda cha chuo ndicho mahali pekee duniani ambapo amewahi kusoma usiku kwa utulivu.

Chuo kilipokuwa nyumba ya wote

Si kwamba mambo yalikuwa hivi tangu awali. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma nchini Kenya alipewa kitanda, chakula na posho iliyopata umaarufu kwa jina la "boom". Mwana wa waziri na mwana wa mchunga mbuzi walikula meza moja na kupokea posho ileile. Chuo kilikuwa mahali ambapo kwa muda wa miaka mitatu au minne nyumba ya mzazi ilipunguziwa uzito.

Usawa huo ulikuwa na kasoro yake, kwani waliofika mezani hapo walikuwa wachache mno, na kutoka kaskazini walikuwa wachache zaidi. Isiolo ilikuwa imetoka katika vita vya Shifta vya miaka ya 1960, ambavyo viliwafilisi wafugaji wengi. Isitoshe, sera ya serikali ya mwaka wa 1965, maarufu kama Waraka Nambari 10, ilielekeza rasilmali katika maeneo yaliyodhaniwa kuwa na uwezo mkubwa wa kuzalisha mali. Nyika haikuwa miongoni mwayo.

Mabadiliko yakaja kwa awamu. Mwaka wa 1991 posho iliondolewa na wanafunzi wakaanza kujilipia chakula na malazi. Mwaka wa 1995 Bunge liliunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia karo kamili, na vyuo vingine vikafuata. Umati uliongezeka, vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Hata wakati huo, kitanda kilikuwa bado ndicho mlango wa chuo. Bodi ya pamoja ya uteuzi, JAB, iliamua idadi ya wanafunzi wa kufadhiliwa na serikali kwa kuhesabu vitanda. Ndiyo sababu mwanzoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya vijana waliofaulu waliachwa nje, na hata walioteuliwa walisubiri nyumbani kwa zaidi ya mwaka kabla ya kuitwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 uhusiano huo kati ya kitanda na nafasi ya masomo ulikatwa. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012 ikaiondoa JAB na kuleta KUCCPS, na vyuo vya umma vilivyokuwa 7 vikawa 22 kufikia mwaka wa 2013.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Katika KCSE ya mwaka wa 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ au zaidi. Kama taifa lingeendelea kuhesabu vitanda, sehemu kubwa yao wangefungiwa nje, na mtoto wa Gotu angekuwa miongoni mwa wa kwanza kukosa. Lakini kila uamuzi una gharama yake. Chuo kilipoacha kumhakikishia mwanafunzi kitanda, kilimrudisha kwa mzazi wake. Hatua kwa hatua, tangu 1991, uwezo wa nyumbani umerudi kuamua mahali anapolala mwanafunzi.

Soko lina ngazi zake

Leo sehemu kubwa ya wanafunzi hulala nje ya vyuo, katika nyumba za kupanga zilizochipuka kila palipo na lango la chuo. Zipo zilizo nzuri na zipo ambazo ni vibanda vya mabati vilivyogawanywa kwa mbao. Katika vyuo vingi, ada ya kitanda cha ndani kwa muhula mzima ni elfu chache za shilingi. Nje, kiasi hicho huenda kikalipia mwezi mmoja tu wa bedsita ya kawaida.

Wawekezaji wakubwa wameliona hilo. Mwaka wa 2019 kampuni ya Acorn ilikusanya zaidi ya Sh4 bilioni kupitia hati ya dhamana ya kijani, ya kwanza ya aina yake nchini, ili kujenga hosteli za wanafunzi jijini Nairobi. Hati hiyo iliorodheshwa katika masoko ya hisa ya Nairobi na London mwaka wa 2020. Hosteli za kampuni hiyo ni za daraja mbili: Qwetu kwa wenye uwezo zaidi, na Qejani kwa bei ya chini. Hakuna kosa la kibiashara katika kufanya hivyo. Lakini soko limekiri waziwazi jambo ambalo hojaji za vyuo hulificha, kwamba wanafunzi wa darasa moja hawatoki katika nyumba za aina moja, wala hawatalala katika nyumba za aina moja.

Wasioweza bei hizo mbili hutafuta njia. Maarufu zaidi ni ile ambayo wanafunzi huiita "kupaireti", yaani kulala kwenye chumba cha mwenzio bila jina lako kuwamo katika orodha ya chuo. Chumba cha watu wawili kinakuwa cha wanne, bafu la kumi linakuwa la ishirini. Mwenye jina halalamiki kwa sababu anamstiri ndugu yake. Asiye na jina halalamiki kwa sababu kisheria hayupo. Hicho nacho ni kimya kinachohesabiwa kuwa ridhaa.

Tanzania ilijaribu njia nyingine. Mwaka wa 2017 Rais John Magufuli alizindua mabweni 20 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, yaliyojengwa kwa Sh10 bilioni za nchi hiyo. Mwaka huo huo nyufa katika baadhi ya majengo zilizua mjadala kuhusu ubora wake. Hata hivyo, wazo la msingi, kwamba serikali inaweza kujenga mabweni mengi kwa wakati mmoja kwa ajili ya wanafunzi wasio na uwezo, lilibaki. Kenya nayo katika miaka ya karibuni imetangaza mipango ya kujenga hosteli za wanafunzi kupitia mpango wa nyumba za bei nafuu. Swali ni nani atakayepewa vitanda hivyo vitakapokamilika.

Usalama kabla ya starehe

Kwa wazazi wa kaskazini, malazi yana maana nyingine ambayo haiwezi kupimwa kwa idadi ya mabafu. Alfajiri ya Aprili 2, 2015, magaidi wa al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa katika mabweni. Chuo hicho, kilichofunguliwa mwaka wa 2011, kilikuwa tumaini la eneo zima la kaskazini mashariki. Walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, na Garissa ikafunguliwa tena Januari 2016.

Baada ya siku hiyo, neno "bweni" halikubaki vile lilivyokuwa. Mzazi wa Kakamega aliyeambiwa mwanawe ameteuliwa kwenda Garissa aliuliza kwanza kuhusu ukuta na walinzi, kisha akauliza kuhusu kozi. Mzazi wa Isiolo anayempeleka binti yake Nairobi huuliza maswali yale yale, japo kwa sababu tofauti. Kwake, bweni la ndani ya chuo, lenye lango na mlezi wa wasichana, ndilo linalomwezesha kuwashawishi wazee wa ukoo kwamba binti anaweza kwenda mbali na kurudi salama. Akikosa kitanda hicho, akaambiwa ajitafutie chumba mtaani, masomo yenyewe huingia hatarini. Kuna binti ambaye kitanda ndicho kinachomtenganisha na harusi ya mapema.

Binti huyo akipata nafasi, hatasema neno kuhusu mlango wa bafu usiofungika. Anaogopa kwamba lalamiko lake likifika nyumbani litakuwa sababu ya kurudishwa. Ndivyo historia ya nyumbani inavyoweza kumfunga mwanafunzi mdomo hata anapotendewa visivyo.

Likizo isiyo na kwao

Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia nchini, vyuo vilifungwa na mabweni yakaamriwa kuachwa wazi kwa muda mfupi. Masomo yalipohamia kwenye intaneti, ghafla nyumbani pakawa ndipo darasani. Mwenye chumba, umeme na mtandao alisoma. Aliyerudi katika makazi ambako simu hupata mawimbi juu ya kilima tu alisubiri. Janga lile lilionyesha jambo ambalo wasimamizi walikuwa hawalioni: kwa baadhi ya wanafunzi, bweni lilikuwa ndilo jambo pekee lililowaweka sawa na wenzao.

Hali hiyo hujirudia, kwa kiwango kidogo, kila likizo. Vyuo vinapofungwa mwanafunzi hutakiwa kutoa mizigo yake. Wa Nairobi hubeba begi akaondoka jioni hiyo hiyo. Wa Gotu ana safari ya takriban kilomita 285 kutoka Nairobi hadi mji wa Isiolo pekee, kabla ya kuanza kutafuta gari la kumfikisha kwao. Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka wa 2023 zilikata barabara katika sehemu nyingi za kaskazini.

Isitoshe, kwao penyewe huhama. Miongoni mwa Waborana kuna warra, makao ya familia, na kuna fora, kambi za mbali ambako vijana huchunga mifugo wakati wa ukame. Mwanafunzi anayerudi likizo huenda akakuta ndugu zake wako fora safari ya siku kadhaa, na mara nyingine hutarajiwa awafuate. Ndiyo maana wengine hawarudi. Hubaki mjini wakilala kwa jamaa, kwa marafiki, au wakipaireti katika vyumba ambavyo rasmi vimefungwa.

Mbuzi si mshahara

Serikali haijapuuza kabisa suala la nyumbani. Mfumo mpya wa ufadhili uliozinduliwa mwaka wa 2023 ulijengwa juu ya wazo kwamba kila mwanafunzi asaidiwe kulingana na uwezo wa familia yake. Katika utaratibu wa makundi 5 uliotumika mwaka wa 2024, kundi la kwanza lilikuwa la familia zenye mapato yasiyozidi Sh5,995 kwa mwezi, na la tano familia zenye zaidi ya Sh120,000. Mkopo wa matumizi ulikuwa kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka, maskini zaidi wakipata zaidi.

Hesabu ya kiasi hicho ni rahisi. Sh60,000 zikigawanywa kwa miezi 8 ya masomo ni Sh7,500 kwa mwezi. Mwanafunzi aliye ndani ya chuo anaweza kuishi kwazo kwa kujibana. Aliye nje, akishalipa kodi ya nyumba, hubaki na fedha za kuchagua kati ya chakula na nauli. Wanafunzi wawili wa kundi moja, wenye umaskini uleule na mkopo uleule, hutenganishwa na kitanda tu.

Tatizo jingine ni jinsi ya kumpima mfugaji. Mifugo haina hati ya mshahara. Familia iliyokuwa na mbuzi 100 mwanzoni mwa mwaka wa 2020 ilionekana tajiri. Kisha mvua ikakosekana misimu 5 mfululizo, kuanzia mwishoni mwa mwaka huo hadi mwishoni mwa 2022, na zaidi ya mifugo milioni 2 wakafa katika maeneo kame ya Kenya. Fomu inayouliza mapato ya mwezi hailijui neno ukame. Mwanafunzi anayewekwa katika kundi lisilo lake kwa sababu ya ng'ombe waliokwisha kufa huanza chuo na deni la kodi ya nyumba.

Mnamo Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba kwa kuwa na ubaguzi, na serikali ikakata rufaa. Hata hivyo, swali lililo chini ya kesi hiyo halifi kwa hukumu: taifa likishakiri kwamba nyumba za wanafunzi hazilingani, linafanya nini na ukweli huo linapogawa vitanda?

Kitanda kwa mwenye intaneti ya kasi

Jibu la sasa, katika vyuo vingi, ni kwamba halifanyi lolote. Vyumba hugawiwa kupitia mtandao, wa kwanza kuja akiwa wa kwanza kupata. Siku ikitangazwa, mfumo hufunguliwa na kwa muda mfupi nafasi zimekwisha. Utaratibu huo unaonekana wa haki kwa sababu hauoni sura ya mtu. Lakini unaona kasi ya intaneti, na unaona ni nani mwenye fedha za kulipa papo hapo. Mwanafunzi anayesubiri mkopo wa HELB uliochelewa, akiwa mahali ambapo mawimbi ya simu ni ya kubahatisha, amekwisha kushindwa kabla ya kubonyeza.

Matokeo yake ni kinyume cha mantiki. Kitanda cha bei nafuu, kilichojengwa kwa kodi ya umma, huenda kwa aliye na uwezo wa kupanga nje. Asiye na uwezo hutupwa sokoni.

Marekebisho hayahitaji kusubiri majengo mapya. Kwanza, taarifa za hali ya familia ambazo mwanafunzi huzitoa anapoomba ufadhili zinaweza kutumiwa kugawa vitanda, mradi zilindwe na zisahihishwe ili kuzingatia hali ya mfugaji. Sehemu ya vitanda itengwe kwa wenye dhiki kabla mfumo haujafunguliwa kwa wote. Vigezo viwe zaidi ya umbali, ili mtoto wa Mathare asisahauliwe kwa kosa la kuzaliwa karibu. Pili, malipo ya kitanda kwa wanaofadhiliwa yangoje mkopo ufike, kwani kuchelewa kwa serikali hakupaswi kuwa hasara ya mwanafunzi. Tatu, kila chuo kibakishe bweni moja wazi wakati wa likizo kwa wasio na namna ya kurudi.

Nne, na hili ndilo la msingi, malazi yapimwe kwa viwango, na maoni yawe nyongeza. Idadi ya watu kwa bafu, siku ambazo maji hayakukatika, milango inayofungika, mwanga wa njiani usiku, umbali wa kituo cha afya: hivi ni vitu vinavyohesabika, na havibadiliki kwa sababu anayevitumia alitoka Karen au Gotu. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ina mamlaka ya kukagua ubora wa vyuo. Ukaguzi huo ukifuata hesabu hizo, na ukazifikia hosteli za kibinafsi zinazowategemea wanafunzi kwa kushirikiana na kaunti, mzazi atajua anakompeleka mwanawe.

Wapo watakaosema kwamba kugawa vitanda kwa kuangalia nyumba ya mtu ni kuwaadhibu wazazi waliojitahidi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mtoto wa mwenye uwezo angekosa pa kulala. Hakosi. Anachokosa ni ruzuku ambayo hakuihitaji. Mtoto wa mfugaji akikosa kitanda hicho hicho, anachokosa huenda kikawa ni shahada.

Wengine watasema vijana wa nyika wamezoea shida, na kwamba hata katika vyumba vya sasa wanaonekana kuridhika. Hao wamelisoma jibu bila kulisoma swali. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa mwanafunzi asiyelalamika hausikiki katika ofisi ya mkuu wa chuo. Husikika miaka miwili baadaye, jina lake linapoitwa darasani na hakuna anayeitika.